Nafasi ya Lugha katika Kupima Ubora wa Maisha ya Mgonjwa wa Saratani: Mfano wa Wote, Makueni

Utangulizi

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Wagiriki na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa katika lugha zao. Kwa muda mrefu utafiti wa kitabibu ulijishughulisha na kaa mwenyewe: ukubwa wa uvimbe, mahali ulikoenea na idadi ya miezi ambayo mgonjwa angeweza kuishi. Aliyebanwa na magando hayo hakuulizwa sana jinsi anavyoishi. Mwelekeo huo umebadilika, na leo watafiti hupima pia ubora wa maisha ya mgonjwa na utulivu wa nafsi yake. Makala haya yanaeleza upimaji huo unavyofanywa, na kwa nini, katika mji kama Wote, hauwezi kufaulu bila mchango wa wanaisimu na wafasiri.

Dhana ya Ubora wa Maisha

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilifafanua ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni na maadili ya jamii yake, pamoja na malengo, matarajio na mahangaiko yake. Uzito wa fasili hii umo katika maneno "mtu mwenyewe". Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, na uvimbe huonekana kwa eksirei. Ubora wa maisha hauna kifaa kingine isipokuwa swali linaloulizwa na jibu linalotolewa. Kwa hiyo, katika taaluma hii, lugha ndiyo kipimo chenyewe.

Hojaji za upimaji huo ni nyingi. WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 26 yanayogusa nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. QLQ-C30, iliyochapishwa mwaka 1993 na watafiti wa saratani wa Ulaya, ina maswali 30. Hii huuliza kuhusu nguvu za mwili, maumivu, usingizi, hisia, uhusiano na jamaa, na hata mzigo wa gharama. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Hojaji nyingine, HADS, ilitungwa mwaka 1983 na ina maswali 14: saba ya wasiwasi na saba ya mfadhaiko. Waliotunga HADS waliepuka kwa makusudi kuuliza kuhusu dalili za mwili, maadamu uchovu na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na ugonjwa wenyewe au na dawa zake, wala si na huzuni.

Hali ya Wote

Wote ndio makao makuu ya Kaunti ya Makueni, na ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hiyo. Mwaka 2016 serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili kupata matibabu katika hospitali za kaunti. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani anayehitaji tiba ya mionzi hulazimika kusafiri nje ya kaunti, aghalabu hadi Nairobi. Nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya ugonjwa wake, hata kama hazionekani katika eksirei.

Kwa upande wa lugha, wakazi wengi wa Wote huzungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili sokoni na ofisini, ilhali kumbukumbu za hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Swali la hojaji, basi, huenda likavuka lugha tatu kabla ya kumfikia mgonjwa, na jibu lake likavuka tena lugha hizo hizo kabla ya kuandikwa. Iwapo kila mhudumu atatafsiri papo kwa papo kwa namna yake, wagonjwa wawili hawatakuwa wameulizwa swali moja, na alama zao hazitaweza kulinganishwa.

Matatizo ya Lugha katika Upimaji

Tatizo la kwanza limo katika adabu ya mazungumzo. Anayeulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama usiku kucha hakulala kwa maumivu. Jibu hilo si uongo, ni heshima. Mhudumu anayeanza mahojiano kwa sauti ya salamu atapata majibu ya salamu, na mgonjwa aliyekata tamaa ataandikwa kuwa yu mzima wa nafsi. Atarudi nyumbani bila msaada. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humuumbua, lakini pengine hakuyaficha, aliulizwa vibaya.

Tatizo la pili ni istilahi. Dhana moja ya kitabibu huitwa mfadhaiko, unyogovu, sonona au msongo wa mawazo, kutegemea mwandishi na nchi. Mzee wa kijijini huenda asitumie hata moja kati ya hizo. Atasema kwamba ana mawazo mengi, kwamba amevunjika moyo, au kwamba roho yake i mkononi. Tafsiri sisisi hapa huleta kichekesho: kipengele kimoja cha HADS hueleza hofu kwa taswira ya vipepeo tumboni, taswira ambayo imewasumbua wafasiri wa lugha nyingi.

Tatizo la tatu ni mazingira. QLQ-C30 hupima nguvu za mgonjwa kwa mfano wa kubeba mfuko mzito wa bidhaa au sanduku la safari. Makueni ni eneo kame, na mzigo ambao mwanamke wa huko anaufahamu ni mtungi wa maji. Mfasiri hana budi kuteua mfano wenye uzito uleule katika maisha ya msomaji, bila kubadilisha kinachopimwa.

Ndiyo maana tafsiri ya hojaji hufuata hatua maalumu. Wafasiri wawili hutafsiri kila mmoja peke yake. Tafsiri zao hulinganishwa na kuunganishwa. Wengine hurejesha matini katika lugha chasili. Kisha hojaji hujaribiwa kwa wagonjwa wachache, wanaoulizwa walivyolielewa kila swali.

Mifano ya Utafiti

Mwaka 2003 Scott Murray, Elizabeth Grant na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa 20 wa Uskoti na 24 wa Meru, Kenya, waliokuwa wakikaribia kufa kwa saratani. Waskoti walikuwa na dawa za maumivu, lakini dhiki yao kubwa ilikuwa ya nafsi. Wakenya waliteswa na maumivu na ufukara, ilhali jamaa, majirani na waumini wenzao waliwapa faraja. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliotumia QLQ-C30 kwa Watanzania waliotibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Watafiti waliongeza mijadala ya vikundi, ambamo wagonjwa walieleza mahitaji yao kwa maneno yao wenyewe.

Makueni nayo ina mfano wake, ingawa haukuhusu saratani. Mwaka 2017 Christine Musyimi, David Ndetei na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu wenye mfadhaiko waliohudumiwa na waganga wa jadi na viongozi wa dini. Kipimo kilichotumiwa ni WHOQOL-BREF, na ubora wa maisha wa waliohudumiwa uliimarika. Funzo lake ni kwamba msaada wa nafsi waweza kutolewa na watu wanaoaminiwa kijijini na wanaoijua lugha ya mgonjwa, mradi wamefunzwa.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba alama ya ubora wa maisha haiwezi kuwa sahihi kuliko swali lililoizaa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma tafsiri, semantiki au pragmatiki anao ujuzi unaohitajika wodini. Anaweza kukusanya semi ambazo wagonjwa hutumia kueleza maumivu na huzuni, kulinganisha istilahi za Kenya na Tanzania, na kushirikiana na wazungumzaji wa Kikamba kuandaa hojaji inayoeleweka. Kazi hiyo haitaondoa saratani. Itamwezesha mgonjwa wa Wote aulizwapo hali yake aweze kusema kwamba ana jambo, na asikike.