Muziki Masikioni, Kitabu Mkononi

Likizo ya Agosti ilitukuta Nakuru, kwa jamaa zetu wa mtaa wa Bondeni. Wao ni miongoni mwa watu wa pwani walioifuata reli hadi bara, wakaweka makazi, wakazaa na kujukuu, na wangali wakipika wali wa nazi kwa nazi ziletwazo na basi kutoka Mombasa. Tulifika nyumbani humo na kukuta mabishano. Binti yao wa kidato cha nne alikuwa akidurusu bayolojia kwa ajili ya mtihani wa KCSE, huku amevaa vipokea sauti masikioni, na nyimbo zikimwimbia mfululizo. Bibi yake alikwisha kumkataza mara mbili.

“Utasomaje, mjukuu wangu, na watu wanakupigia kelele ndani ya kichwa?”

“Bibi, watafiti wamesema muziki huongeza akili.”

Mama yake akatutaka tuamue. Tuliona haya kuamua jambo tusilolijua, tukaomba muda. Na kabla hatujaendelea, tuseme kwamba hukumu ya ala za muziki katika sheria ina khilafu mashuhuri ya wanazuoni, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumuuliza. Swali letu hapa ni dogo zaidi: je, kusikiliza muziki humfanya mtoto kuwa hodari wa masomo?

Kauli ya binti yule ina asili yake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, huko Irvine, waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanafunzi 36 wa chuo waliosikilizishwa sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakapewa maswali ya kuwazia maumbo. Walifanya vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya. Lakini waandishi wenyewe walieleza kwamba athari hiyo haikudumu zaidi ya robo saa, tena hawakuzungumzia watoto hata kidogo. Magazeti ndiyo yaliyoigeuza habari kuwa dawa. Kufikia mwaka 1998, Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, aliomba fedha za umma ili kila mtoto azaliwaye apewe kanda ya muziki huo!

Waliokuja baadaye wakaichunguza dawa yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walikusanya majaribio yapatayo 40 na hawakuona siri yoyote ya pekee katika Mozart. Kabla yao, jaribio jingine lilikuwa limeonyesha kwamba mtu apendaye hadithi kuliko muziki hufanya vizuri baada ya kusikia hadithi. Maana yake ni kwamba moyo ukichangamka, akili nayo huamka kwa kitambo. Kikombe cha chai ya tangawizi na maneno mawili ya upole kutoka kwa mama yamkini hufanya kazi iyo hiyo.

Hayo ni ya muziki kabla ya kusoma. Muziki wakati wa kusoma ni jambo jingine, na hapo Bibi ana haki. Tunapojaribu kushika maneno au tarakimu, huwa tunazitamka kimoyomoyo, kama mtu anayekariri nambari ya simu akitafuta kalamu. Majaribio yaliyofanywa katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba sauti ya mtu anayeimba huivuruga sauti hiyo ya ndani, na huivuruga zaidi kuliko ala zisizo na maneno. Aoshaye vyombo na redio ikiimba hapungukiwi na kitu. Asomaye bayolojia ana maneno ya kitabu na maneno ya wimbo, na yote yanagombea mlango mmoja.

Hata hivyo Bibi mwenyewe ni hoja ya upande wa pili. Husahau alipoweka miwani yake, lakini Utendi wa Mwana Kupona, alioufunzwa kwa mahadhi alipokuwa msichana, huutoa kifuani beti baada ya beti. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, na wanawake wengi wa pwani waliuhifadhi kwa kuusikia tu. Mwaka 1994 mtafiti Wanda Wallace alionyesha kwamba maneno yaliyoimbwa hukumbukwa vyema kuliko yaliyosemwa, endapo mahadhi ni yale yale na yanarudiwa ubeti hadi ubeti. Ndivyo utenzi ulivyo.

Lakini mahadhi huhifadhi sauti, hayahifadhi maana. Ushahidi uko Bonde la Ufa lilo hilo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, upande wa Kericho, wakiimba jina “Chemirocha”. Alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Jina lilisalimika katika wimbo, lakini mwenye jina, kwa maelezo ya Tracey, alikwisha kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Mwanafunzi anayeghani asichokifahamu naye huweza kuingia chumba cha mtihani na Chemirocha wake.

Tuliwaandikia jamaa zetu hayo yote: vipokea sauti vivuliwe wakati wa kusoma, somo lifahamike kwanza, kisha yanayohitaji kukaririwa yatiwe mahadhi. Wiki iliyopita mama mtu alitupigia simu akicheka. Binti ameziingiza hatua za kugawanyika kwa seli, kwa Kiingereza chake cha shule, katika mahadhi ya utenzi wa Bibi, na huzighani jioni baada ya kufunga kitabu. Bibi hajui seli ni nini, ila humkatiza kila mara: “Rudia hapo, mizani imepungua.”