KOLEKTERI YENYE KUTU

Watoto, mmekwisha kumwona fundi akifungua kifuniko cha mbele cha gari? Pembeni mwa injini kuna chuma kinene chenye matawi. Ikiwa injini ina silinda 4, mara nyingi chuma hiki kina matawi 4. Kila tawi linapokea moshi wa silinda yake. Kisha matawi yanaungana, kama vijito vinavyoingia katika mto mmoja, na moshi wote unashuka katika bomba refu mpaka nyuma ya gari. Chuma hicho kinaitwa kolekteri, maana yake kitu chenye kukusanya.

Mara nyingi kolekteri ni nyekundu kwa kutu, hata ikiwa gari lenyewe lingali zuri. Mwenye gari anapenda kuisafisha, lakini hana feza ya kununua mpya. Je, afanye nini? Tutaona kwanza kutu inatoka wapi. Kisha tutaona namna ya kuiondoa kwa feza kidogo. Tena tutajifunza jambo moja lenye kupita uzuri wote: namna ya kujua kama kolekteri ni nzima.

1. Kutu inatoka wapi?

Chuma kikikutana na maji na hewa, kinageuka polepole kuwa kutu. Panga lililosahauliwa nje wakati wa mvua linatuonyesha jambo hilo kila siku. Vyuma vingine vya gari vinakingwa na rangi au na mafuta. Lakini kolekteri nyingi zinatengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na zinatoka kiwandani bila rangi yo yote. Kwa hiyo hata kolekteri ya gari jipya inaweza kupata rangi ya kutu baada ya majuma machache.

Moto nao unasaidia kutu. Gari likitembea, kolekteri inapata moto mwingi, likisimama, inapoa. Usiku umande unaingia. Njiani maji ya madimbwi yanairukia. Huko Bukavu, ambako mvua inanyesha karibu miezi 9 kwa mwaka, kolekteri haipati nafasi ya kukaa kavu siku nyingi.

Lakini msiogope upesi. Chuma cha kusubu ni kinene. Kutu nyembamba ya juu inahitaji miaka mingi sana ili kukila. Bomba refu la nyuma, lililotengenezwa kwa bati jembamba, ndilo linalotoboka mbele.

2. Tazama kwanza kama ni nzima

Mtu mwenye akili hapaki rangi juu ya ukuta uliopasuka. Hivyo na kolekteri: kabla ya kutafuta uzuri, tafuta ufa.

Asubuhi, injini ingali baridi, fundi anaiwasha na kusikiliza. Akisikia sauti ndogo, tik-tik-tik, ambayo inapungua chuma kikipata moto, anafikiri mara moja kwamba moshi unatoka pahali pasipo pake. Chuma kikipata moto kinapanuka, na ufa unajibana. Ndiyo sababu sauti inapungua. Kisha anazima injini na kutazama kwa taa. Akiona masizi meusi kando ya ufa, au pahali kolekteri inaposhikana na injini, amepata shahidi wa pili.

Kwa nini tunasumbuka hivyo? Kwa sababu moshi wa injini una hewa moja mbaya sana, yenye kuitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, inashika pahali pa hewa njema katika damu. Kichwa kinauma, macho yanaona kizunguzungu, usingizi unamshika, na mwisho anaweza kufa bila kulia. Kolekteri iko karibu na shoferi na abiria. Ikipasuka, moshi unaweza kupita katika matundu ya gari na kuingia ndani, pahali mama amelala na mtoto wake mapajani.

Basi, kolekteri yenye ufa haipakwi rangi. Inapelekwa kwa fundi wa kuunga chuma cha kusubu, au inabadilishwa. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na anayefunika ufa kwa rangi amefanya vibaya kuliko yule asiyeuziba, maana anawazuia wengine wasiuone.

3. Kuondoa kutu

Tuseme fundi ameona kwamba kolekteri ni nzima. Sasa anaanza kazi.

Kwanza anangoja injini ipoe kabisa. Haimwagii maji ili ipoe upesi, kwa sababu chuma cha kusubu chenye moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka. Kisha anafungua waya wa batri.

Je, aitoe kolekteri katika injini? Hapa mafundi vijana wengi wanapoteza feza. Skurubu za kolekteri zimekaa katika moto miaka mingi, na zimeshikana na kutu. Akizilazimisha, moja inakatika ndani ya injini, na kazi ya kuitoa inapita bei ya rangi mara nyingi. Kama hakuna ufa wala moshi unaotoka, afazali aiache pahali pake na kuisafisha hapohapo. Kama lazima itoke, anatia mafuta membamba katika skurubu jioni, anayaacha yaingie usiku kucha, na kesho anafungua polepole, akirudisha kidogo na kuendelea kidogo. Halafu anaziba matundu ya injini kwa vitambaa safi, ili vumbi na kutu visiingie ndani.

Chombo cha kazi ni burushi ya waya. Fundi anavaa miwani na kufunika pua na kinywa kwa kitambaa, maana vumbi la kutu linaumiza macho na mapafu. Anasugua mpaka magamba yote yaanguke, kisha anamaliza kwa msasa.

Ikiwa kolekteri imekwisha kutolewa, kuna dawa ya bei ndogo: siki. Anailaza katika siki usiku mmoja. Ukali wa siki unakula kutu. Asubuhi anaisugua, anaiosha kwa maji yenye magadi kidogo ili kuondoa ukali uliobaki, kisha anaisuuza na kuikausha mara hiyohiyo kwa jua kali au karibu na moto. Akichelewa, kutu mpya itaonekana mbele ya macho yake. Siki isimwagwe juu ya kolekteri iliyo bado katika injini, kwa sababu inaharibu vyuma vingine, kama vile aluminiumu.

Mwishoni anafuta mafuta yote kwa kitambaa safi na dawa ya kusafishia rangi, mbali na moto. Tangu hapo haigusi tena kwa mikono mitupu. Alama ya kidole chenye mafuta yatosha kubandua rangi.

4. Rangi gani?

Maji yanachemka kwa digri 100. Kolekteri inaweza kupita digri 500, na injini ya esanse ikifanya kazi nzito, chuma chake kinaweza kuonekana chekundu gizani. Rangi ya mlango au ya dirisha itaungua siku ya kwanza, itanuka, na kubanduka. Feza iliyotumiwa imepotea.

Njia mbili zafaa.

Ya kwanza ni rangi ya moto. Juu ya kopo lake imeandikwa digri inazovumilia, mara nyingi 600 au zaidi. Kopo moja dogo latosha. Fundi anapaka mara mbili au tatu, nyembamba-nyembamba, akingoja kila mara ikauke. Rangi nene haiwi na nguvu, inafanya mapovu. Kisha lazima rangi iive. Anawasha injini dakika chache, anaizima mpaka ipoe. Anaiwasha tena muda mrefu zaidi, anaizima tena. Anafuata maneno ya kopo. Moshi kidogo utatoka. Kwa hiyo kazi hii inafanyika nje, si ndani ya nyumba ya gari.

Njia ya pili ni ya zamani, nayo ni rahisi: dawa nyeusi ya kung'arisha majiko ya chuma. Ndani yake mna grafiti, madini ileile iliyo katika kalamu ya risasi. Fundi anaipaka kwa kitambaa juu ya chuma kisafi, anangoja ikauke, na kuisugua kwa burushi laini mpaka ing'ae. Haidumu kama rangi ya moto, lakini yaweza kupakwa tena bila taabu.

5. Neno la mwisho

Mwaona, watoto: katika kazi hii kitu cha kununua ni kidogo. Burushi, siki, kopo la rangi, basi. Kitu kikubwa ni saval­o la kwanza ambalo fundi anajiuliza: Je, chuma hiki ni kizima? Fundi mwaminifu akikuta ufa anamwambia mwenye gari kweli, hata kama mwenyewe alitaka uzuri tu. Watu watakaopanda gari lile hawatajua jina lake, lakini watafika nyumbani wazima.

Maulizo

1. Kolekteri inafanya kazi gani katika gari?
2. Kwa nini inapata kutu kupita vyuma vingine vingi?
3. Alama gani mbili zaonyesha kwamba moshi unatoka pahali pasipo pake?
4. Kwa nini kolekteri yenye ufa haipakwi rangi?
5. Kwa nini rangi ya mlango haifai? Taja njia mbili zenye kufaa.