Misheni ya Masista, Mkono wa Serikali

Rubondo ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, si mbali na Mbarara. Siku hizi Wakongomani ni wengi huko. Lakini makazi hayo yalipoanzishwa mwaka 1958, waliopokelewa walikuwa Wanyarwanda, na idadi yao ikapanda kwa kasi machafuko yalipozidi kwao. Machafuko hayohayo yalizaa safari nyingine isiyosimuliwa sana: kati ya 1959 na 1962, watoto wapatao 300 waliondolewa kwenye taasisi ya masista huko Save, kusini mwa Rwanda, wakapelekwa Ubelgiji. Hawakuwa yatima. Wengi wao mama zao walikuwa hai.

Walikuwa machotara. Baba Mzungu, mama Mwafrika, na utawala wa Kibelgiji katika Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) haukuutambua muungano wao kuwa ndoa, hata kama mahari ilitolewa na ukoo ukaridhia. Kisheria mwanamke huyo hakuwa na mume, na mtoto alihesabika kama aliyetupwa. Kwenye faili iliandikwa kwamba baba hajulikani, ingawa kijiji kizima kilimjua.

Mtoto wa namna hiyo alichukuliwa akapelekwa misheni. Katende, katika jimbo la Kasai, ilikuwa misheni mojawapo. Monique Bitu Bingi alipelekwa huko mwaka 1953 akiwa na miaka minne. Masista ndio waliolisha, kufundisha na kuadhibu, lakini amri ya kumtoa mtoto mikononi mwa mama ilitoka kwa maafisa wa serikali, na familia iliyokataa ilitishiwa. Tena tangu miaka ya 1920 dola ya kikoloni ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki, kwa hiyo kusema mambo ya misheni yalikuwa ya Kanisa peke yake ni kufumba jicho moja. Vita vilipofika Kasai baada ya uhuru, masista waliokolewa na Umoja wa Mataifa. Wasichana wakaachwa mikononi mwa wanamgambo.

Bitu Bingi na wenzake wanne, Léa Tavares Mujinga, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi, waliishtaki serikali ya Ubelgiji, si masista. Maaskofu wa nchi hiyo walikuwa wameomba radhi mwaka 2017, na waziri mkuu Charles Michel mwaka 2019, ila radhi ya bungeni haimlipi mtu. Mwaka 2021 walishindwa mahakamani. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikapindua hukumu hiyo, ikasema ule mpango wa kuwasaka na kuwateka watoto ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000.

Ireland nako swali la nani alilipa limeamua mengi. Huko wasichana waliozaa nje ya ndoa walifichwa kwenye nyumba zilizoendeshwa na watawa, na wenye kulipia matunzo walikuwa hasa mabaraza ya wilaya, kwa hesabu ya vichwa. Nyumba ya Tuam, iliyofanya kazi kuanzia 1925 hadi 1961, iliendeshwa na masista wa Bon Secours, lakini jengo lilikuwa mali ya baraza la Galway. Mtafiti wa mtaani, Catherine Corless, alikusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 wa nyumba hiyo. Mabaki ya baadhi yao yalikutwa ndani ya vyumba vya chini vilivyohusiana na maji taka. Ripoti ya tume ya uchunguzi, Januari 2021, ilitaja watoto wapatao 9,000 waliokufa katika taasisi 18 zilizochunguzwa. Serikali imetenga euro milioni 800 za fidia. Masista wa Bon Secours waliahidi kuchangia karibu milioni 13.

Uganda, tulikoanzia, haina nyumba za aina hiyo zinazolipiwa na dola. Ina shule. Nyingi zilianzishwa na makanisa, na leo walimu wake hulipwa mshahara na serikali. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 ulimtaka msichana mjamzito aondoke darasani mimba ikifika miezi mitatu, kisha aruhusiwe kurudi mtoto akitimiza miezi sita. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya korona, wizara ililegeza, ikasema wajawazito nao wapokelewe. Baadhi ya viongozi wa Kanisa la Uganda (Anglikana) wakakataa hadharani: si katika shule zao. Ni zao kwa historia na kwa jina lililo getini. Mshahara wa mwalimu mkuu anayeamua kumpokea msichana au kumrudisha nyumbani unatoka Hazina, Kampala.