Mpenzi Wako Anachora Usiku Kucha?

Saa nane za usiku, yeye bado yuko kwenye kompyuta anachora majitu na miji ambayo haipo. Wewe kitandani unajiuliza: hivi hii ni kazi kweli, au tutakuja kufa njaa?

Ni kazi. Kabla katuni au gemu haijatengenezwa, kuna mtu anayebuni mhusika ataonekanaje, nyumba yake, hata viatu vyake. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa BBC mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa Mtanzania mwenzetu, marehemu Edward Tingatinga. Mwaka 2023 Disney+ ikatoa Kizazi Moto (jina lenyewe Kiswahili!), filamu fupi 10 za Waafrika, mojawapo ya Mganda Raymond Malinga, kuhusu wachunga ng'ombe wa zama zijazo.

Tatizo, wengi wanajaza folda na nakala za Spider-Man. Huyo yupo tayari! Mwenzako aende hapo Isimila, achore zile nguzo za asili, halafu abuni nani anaishi humo, anakula nini, anapandaje juu. Na asifiche michoro 10 ya ovyo iliyozaa ule mmoja mzuri. Waajiri wanataka kuona anavyofikiri.

Kuacha kazi? Hapana, si sasa. Kubalianeni usiku upi ni wa kuchora na upi ni wenu, na kodi ya nyumba isiguswe. Nawe usisifie tu kila mchoro. Muulize, "Huyu kwa nini kavaa hivi?" Akikosa jibu, arudi kwenye karatasi.