Kendu Bay: Mji wa kale uliotegemea meli

MJI wa Kendu Bay, ulioko kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam katika Kaunti ya Homa Bay, ni miongoni mwa miji michache ya Waluo ambako Uislamu ulitia mizizi mapema. Msafiri anayeshuka kando ya barabara kuu huona soko la kawaida la omena na mitumba. Kuuona mji wenyewe hana budi kuteremka hadi Old Town, sehemu ya kale iliyo karibu na ziwa, yaliko majengo makuukuu ya maduka ya Wahindi.

Asili ya yote hayo ni meli. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, vyombo vya shirika la reli vilianza kubeba abiria na mizigo ziwani, na Kendu ikawa mojawapo ya vituo vyake. Wafanyabiashara walifuata, na dini pia. Baadhi ya wenyeji walisilimu, na Msikiti wa Tawakal ungali alama ya historia hiyo. Mwishoni mwa 1906 mmishonari Arthur Carscallen kutoka Kanada na mwenzake Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, walivuka ghuba na kuanzisha misheni ya Waadventista Wasabato katika kilima cha Gendia. Hivyo Ijumaa na Jumamosi zote zikawa siku za ibada katika eneo moja.

Mfano wa mchanganyiko huo ni Hussein Onyango Obama, babu yake aliyekuwa Rais wa Marekani, Barack Obama. Wengi huitaja Kogelo, Siaya, wanapozungumzia ukoo huo, ilhali mzee huyo alitoka Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kabla ya kuhamia huko. Jina lake lenyewe, la Kiislamu likifuatwa na la Kijaluo, laeleza mengi kuhusu mahali alikotoka.

Lililojengwa na meli lilidhoofika biashara ilipohamia nchi kavu. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana Waasia wasiokuwa raia, nao wengi wakaondoka katika miji midogo kote nchini. Kisha safari za meli zikapungua, gugumaji likaziba ghuba katika miaka ya 1990, na mabasi yakachukua abiria waliosalia.

Takwimu za sensa zaonyesha njia inavyovuta watu. Kati ya 2009 na 2019, idadi ya watu katika Kaunti ya Homa Bay iliongezeka kutoka 963,794 hadi 1,131,950, yaani takriban asilimia 17. Katika kipindi hicho jirani yake Migori, yenye barabara kuu ya kwenda mpakani Isebania, kiwanda cha sukari cha Awendo na machimbo ya dhahabu ya Macalder, ilitoka 917,170 hadi 1,116,436, karibu asilimia 22.

Lakini tarakimu inayostahili kutazamwa zaidi ni ya jinsia. Mwaka 2019 Homa Bay ilikuwa na wanawake 592,367 na wanaume 539,560. Pengo hilo la zaidi ya 52,000 halishangazi anayelijua eneo hili: vijana wa kiume huelekea Nairobi, Kisumu na mashamba ya chai ya Kericho kutafuta kazi. Ukimwi nao umeacha wajane wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikadiria kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima katika kaunti hii waliishi na virusi, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote. Ndiyo maana anayeanika na kuuza omena ufuoni, akalipa karo na kukarabati nyumba, aghalabu ni mwanamke.

Sasa ziwa lenyewe limekuwa tishio. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960, yakifunika fuo na mashamba ya kandokando. Old Town, iliyojengwa karibu na maji kwa sababu za biashara, imo katika hatari hiyo, na sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029.