SHULE ZIKIFUNGWA, CHAMA CHA WALIMU HUFANYA NINI?

Mwezi wa Agosti hapa Kilungu ni mwezi wa baridi na ukungu. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani wakisaidia kuchota maji na kuchunga mbuzi. Na ni mwezi ambao katika vikundi vyetu vya akina mama tunasikia maneno yale yale kila mwaka: "Walimu sasa wanapumzika, wakirudi watagoma."

Mzazi anayesema hivyo hasemi bure. Mgomo wa 2011, wa 2012 na ule wa 2015 yote ilianza mwezi wa Septemba, muhula wa tatu, muhula wa mitihani. Ule wa 2015 ulikuwa mbaya zaidi: ulichukua karibu wiki tano, na serikali ikaamuru shule zifungwe. Mzazi ambaye alikuwa ameuza ng'ombe ili alipe karo hawezi kusahau upesi.

Lakini mgomo ni siku chache tu katika maisha ya chama. Tumeona ni vizuri tueleze hizo siku nyingine, kwa sababu sisi tunaofanya kazi na familia za hapa tunakutana na kazi ya chama mara nyingi kuliko mzazi anavyodhani.

Chama cha Kitaifa cha Walimu, ambacho wote tunakiita KNUT, kilianzishwa tarehe 4 Desemba 1957. Wakati huo mwalimu Mwafrika aliajiriwa na misheni, au baraza la wilaya, na kila mwajiri alikuwa na mshahara wake na sheria zake. Na hapa tuseme ukweli wetu: waajiri wengi walikuwa makanisa, la kwetu likiwamo, na mwalimu aliweza kuachishwa kazi kwa neno la mkubwa mmoja. Chama kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Ndiyo asili ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1967. Walimu wa sekondari walikuja kupata chama chao, KUPPET, mwaka wa 1998, na tangu hapo vyama viwili hivi vinashirikiana na kushindana.

Sasa, likizo. Mwalimu akiwa darasani hawezi kutoka Nunguni kwenda kushinda katika ofisi ya tawi siku nzima. Kwa hiyo mambo yake huyaweka mpaka shule zifungwe. Agosti ukipita kwenye ofisi ya tawi lo lote utakuta foleni. Huyu hajapandishwa cheo na amefundisha miaka mingi. Huyu mshahara wake umekatwa mkopo ambao hakuuchukua. Huyu anataka uhamisho kwa sababu mumewe ni mgonjwa. Katibu mtendaji na watu wake husikiliza, huandika barua, na hufuatilia. Wakati huo huo wawakilishi wa shule hukutana na kuambiwa yaliyojadiliwa na mwajiri, na maoni yao huanza safari ya kwenda kwenye mkutano mkuu wa wajumbe, ambao kwa kawaida hufanyika kila Desemba.

Na tusidhani kwamba likizo yenyewe ni ya mapumziko. Tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka wa 2019, walimu wameitwa kwenye mafunzo wakati wa likizo. Aprili 2019 chama kilipinga mafunzo hayo kikisema matayarisho hayatoshi, kukawa na vurugu mahali pengine, na walimu kadhaa wakasimamishwa kazi. Mwaka wa 2021 ikaja habari ya kozi za kuendeleza taaluma, kila mwalimu alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vikauliza: ni mwajiri gani anayemtoza mfanyakazi ili amfundishe kazi? Kwa maoni yetu hilo lilikuwa swali la haki.

Kuna jambo moja ambalo limetugusa sana sisi wa kazi za jamii. Kuanzia 2018 TSC ilihamisha walimu wakuu na walimu wengine mbali na kwao. Nia ilikuwa kuleta umoja wa kitaifa, na pia kuwatoa wakuu waliokaa kama wafalme vijijini kwao. Sawa. Lakini tuliona mama akiachwa na watoto na shamba la matuta mlimani, baba yuko kaunti ya mbali na anarudi likizo tu. Ndoa zingine hazikupona. Chama kilipigia kelele jambo hili miaka mingi, na Januari 2023 wengi waliruhusiwa kurudi karibu na nyumbani.

Chama nacho kina makosa yake. Mwaka wa 2019 KNUT ilishinda kesi dhidi ya TSC kuhusu utaratibu wa kupandisha walimu vyeo. Kushinda huko kukawa hasara. TSC ikasema basi wanachama wa KNUT hawatapata nyongeza iliyotokana na mkataba wa 2017 hadi 2021. Fikiria walimu wawili wanaofundisha shule moja, mmoja anaongezewa na mwenzake haongezewi. Watu wakahama chama kwa maelfu. Kutoka wanachama wapatao 187,000 kikabaki na wachache sana, ada ikakauka, na wafanyakazi wa matawi wakakaa bila mshahara. Juni 2021 katibu mkuu Wilson Sossion alijiuzulu, akachaguliwa Collins Oyuu, ambaye alichagua njia ya kuzungumza kwanza. Wanachama walianza kurudi. Wako wanaosema njia hiyo ni ya woga. Mkataba wa 2025 hadi 2029 ulipatikana hivyo, lakini mwalimu wa kawaida atakuambia bado unga ni ghali.

Kuna pia swali ambalo wazazi hutuuliza kwa sauti ya chini: je, chama humtetea hata mwalimu aliyemharibu mtoto? Tujibu bila kuzunguka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Hiyo ni haki ya kusikilizwa, si haki ya kufichwa. TSC ilitoa waraka nambari 3 wa 2010 ambao unamlazimu mwalimu ye yote anayejua habari ya mtoto kudhulumiwa aitoe, na akinyamaza ataadhibiwa yeye pia. Kwa hiyo mzazi ukiambiwa "tumalizane nyumbani, toa mbuzi," kataa. Nenda polisi, nenda kwa afisa wa watoto, halafu uje kwetu. Mwakilishi wa chama anayewashawishi wazee wanyamaze hafanyi kazi ya chama.

Tumalizie na mambo ya mwalimu anapokufa, maana hapo ndipo tunapokutana na chama zaidi. Matawi mengi yana mfuko wa mazishi ambao walimu huchangia kila mwezi, na fedha hizo hufika upesi. Mafao ndiyo huchelewa. Tangu Januari 2021 kuna mpango mpya wa pensheni ambao mfanyakazi wa serikali aliye chini ya miaka 45 huchangia yeye mwenyewe, na wale wakubwa wengi wamebaki kwenye mpango wa zamani. Familia nyingi hazijui baba alikuwa katika upi. Mwalimu unayesoma hapa, likizo hii mwambie mkeo au mumeo, na uangalie jina la mrithi uliloandika ulipoajiriwa. Wengine waliandika jina la mama yao kabla hawajaoa na hawakurudi kulibadilisha.

Tulikuwa na mama mmoja wa milima hii ambaye mume wake alifanya hivyo hivyo. Hakujua kwamba kuna chama, yeye alihangaika peke yake ofisi hadi ofisi. Mahali pamoja faili ilipotea mara mbili. Tulipompeleka kwenye tawi, katibu aliuliza vitu vinne tu: cheti cha kifo, barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya malipo ya mwisho ya marehemu. Kisha akapiga simu. Malipo yalitoka baada ya miezi minne. Kabla ya hapo alikuwa amehangaika mwaka mmoja na nusu, na kijana wake wa kwanza alikuwa ameshaacha shule akaenda kuchimba mchanga.