MySQL inakufa usiku? Cheki memori kwanza

Wadau, tovuti ya dada mmoja muuza vitenge ilizimika usiku mara tatu, oda zikapotea, lawama kwangu. Nikailaumu MySQL bure! Kumbe seva ina memori ya megabaiti 512 tu. Ikiisha, Linux yenyewe inaua programu, hasa inayokula zaidi, na mara nyingi inakuwa databesi. Andika dmesg, ukiona "Out of memory" na jina mysqld, ndiyo hiyo. Kuiwasha tu haitoshi, itakufa tena.

Mlafi wa kweli alikuwa Apache: MaxRequestWorkers ilikuwa 150, na kila prosesi ya PHP ilikula megabaiti 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe! Nimeshusha hadi 8, nikaongeza faili la swapu la gigabaiti 1. Tangu Jumatatu inapumua. Nyie mnafanyaje?